Bandari ya Kirambo Haiagwi

Sogeeni, wanangu, niwape ya majini.

Paliondokea mtu na mkewe, Shekue na Mwanakheri, wakiishi ndani ya mashua katika bandari ya Kirambo. Mwanakheri aliipenda bandari ile kama mama mzazi. Asubuhi ya kuhama Shekue alivuta nanga, isije. Akavuta tena, isije. Mara ya tatu maji yakasema, "Nimewalea. Mwaniacha na nani?"

"Mke wangu, usijibu!" Shekue akanong'ona.

Lakini Mwanakheri roho ilimuuma. Akainama, akayagusa maji. "Ewe bandari, sina cha kukuachia ila kivuli changu. Kichukue, utupe njia."

Nanga ikaja nyepesi kama unyoya, mashua ikateleza. Mwanakheri alipogeuka kupunga mkono, akaona gatini amesimama mwanamke mwenye uso wake na kanga yake, naye anapunga.

"Mwanakheri!" Shekue aliita kutoka kwenye usukani.

Mkewe akafunua kinywa, sauti isitoke. Kule gatini yule mwanamke akaitika, "Labeka, mume wangu!"

Wakaenda zao, bandari hata bandari, Mwanakheri asiseme tena. Na kila mumewe amwitapo huko mbali, watu wa Kirambo husikia gati tupu likiitika.

Mimi naishia hapa. Nanyi mkiitwa na maji, nyamazeni.