Zahanati Yenye Mawe Matatu ya Msingi

Kwa kawaida ningeanza kwa kuwaita, nanyi mkaniitikia. Leo tusiitane. Msimu mzima wa kampeni mmekuwa mkiwaitikia watu waliosimama juu ya magari, na sauti zenu nazisikia zilivyokwaruza. Kaeni tu. Atakayesinzia nimekwisha kumsamehe. Nina fumbo la watu watatu na tuzo moja, nimelibeba siku nyingi na limenichosha. Labda leo mmoja wenu atanitua.

Palikuwa na kaunti ya milimani. Sitaitaja jina, msije mkagombana. Ilikuwa na bunge lake dogo, na bunge hilo lilikuwa na vyama vitatu: Kinu, Kengele na Ngazi. Kila baada ya miaka mitano watu walipiga foleni, wakachovya kidole kwenye wino, na bungeni waliokuwa wengi wakawa wachache, wachache wakawa wengi. Wakubwa wapya hawakuwa na desturi nyingi, ila moja waliishika kama dini: kilichoanzishwa na waliotoka hakimaliziki. Barabara iliyofika nusu ilibaki nusu. Kilichowahi kumalizika kilipakwa rangi ya chama kipya. Soko la pale mjini lilipakwa kijani, likapakwa njano, likapakwa samawati, na bei ya nyanya ikabaki vilevile.

Juu kabisa ya mlima kilikuwako kijiji cha Mlondo, na Mlondo aliishi mjane aitwaye Mama Mghoi. Binti yake wa kwanza, Mkawasi, alishikwa na uchungu wa kuzaa siku ya jua kali. Hospitali iko bondeni, na gari halipandi Mlondo. Wanaume wanne walimkalisha kwenye kiti cha mbao, wakakifunga miti, wakamteremsha mabegani. Hawakufika naye. Matanga yalipoanuliwa, Mama Mghoi alikata kipande cha shamba lake la kabeji, pale palipo tambarare, akawaambia wazee, "Jengeni zahanati hapa. Sitaki malipo. Nataka tu asibebwe mtu mwingine kwenye kiti kile."

Sasa wajueni watu wangu watatu. Wote waliwahi kuwa wawakilishi wa wadi ile, kwa kupokezana. Mwadime alikuwa wa Kinu, na alijaliwa mdomo. Angeweza kumsema mbuzi aliyekula mahindi mpaka mbuzi akaomba radhi. Wakesho alikuwa wa Kengele, na alijaliwa kunyamaza. Alijua neno la kutamka na neno la kumeza, na aliyameza mengi. Righa yeye aliingia kwa Kinu akamalizikia Ngazi, kwa hiyo mmeshajua alijaliwa nini. Alijaliwa miguu. Alijua saa ya kuondoka mahali kabla mwenyeji hajakunja jamvi.

Alianza Mwadime. Miaka hiyo Kinu ndio waliokuwa wengi, na palikuwa na fedha kidogo zilizobaki. Waheshimiwa walitaka wajenge maegesho ya magari yao, yenye kivuli. Mwadime akasimama. Alisema mpaka Spika akasahau chakula cha mchana. "Waheshimiwa wenzangu," alisema, "magari yenu yakipigwa na jua yatapauka, na fundi atayapaka rangi. Mkawasi wa Mlondo alipigwa na jua juu ya kiti. Nionyesheni fundi wa kumrudisha." Wakaona haya, wakapitisha. Msingi ukachimbwa, likawekwa jiwe lenye jina la Mwadime, na watu wakacheza ngoma. Lakini waliokosa kivuli cha magari hawakumsamehe. Kwenye kura ya mchujo chama chake chenyewe kikamwangusha. Na Kinu nao wakaanguka uchaguzi uleule, bunge likageuka.

Akafuata Wakesho. Kengele ndio sasa waliokuwa wengi, na kazi yao ya kwanza ilikuwa kupita kila wadi wakiua miradi ya Kinu. Wakesho hakubishana nao. Alipanda mlima peke yake, akamwambia Mama Mghoi, "Mama, panda maboga juu ya ule msingi. Yaache yatambae."

"Maboga, mwanangu? Nilitoa shamba wapate kuzaa watu."

"Watazaa. Tuanze na maboga."

Kamati ilipofika kukagua, ilikuta majani mapana na maua ya njano, na lile jiwe la Mwadime limelala chini yake. "Hapa hapana kitu cha Kinu?" wakamwuliza. "Waheshimiwa mnaona wenyewe," alijibu Wakesho. Akapeleka bungeni mradi aliouita mpya kabisa, wenzake wakaupigia kura kwa furaha, na kuta zikainuka. Likawekwa jiwe la pili, lenye jina la Wakesho. Kisha mpambe mmoja wa chama akafukua habari za ule msingi. Wakamwambia amemjengea adui ukuta kwa fedha za chama. Wakamtoa katika kamati zote, wakamnyima tiketi. Akagombea bila chama akashindwa, na Kengele nao wakashindwa, bunge likageuka tena.

Wa tatu ni Righa. Aliingia kwa tiketi ya Kinu. Ngazi walipata viti vingi kuliko wote, ila walipungukiwa na kimoja ili washike bunge. Wakamjia wakitabasamu. Walimpa gari, akakataa. Walimpa uenyekiti wa kamati, akakataa. "Basi sema unachotaka," wakamwambia. Akasema, "Mlondo kuna kuta zinanyeshewa. Nipeni mabati, milango na madirisha, kura yangu ni yenu." Hakuhama kwa barua, maana angepoteza kiti. Alihama kwa mkono, kila kura ilipopigwa. Ngazi wakashika bunge, na mabati yakapanda mlima kwenye migongo ya punda. Likawekwa jiwe la tatu, lenye jina la Righa. Waliompigia kura wakamwita msaliti. Mama yake mzazi alipokwenda kanisani, benchi lake lilibaki na yeye peke yake. Hilo lilimuuma Righa kuliko matusi yote, na mimi simlaumu.

Basi ikawa zahanati. Ina msingi, ina kuta, ina bati, na ina mawe matatu ya msingi yamepangwa mlangoni. Mgeni akipita huuliza kama ni makaburi. Ilipungukiwa na kitu kimoja tu, nacho ni jina. Bila jina haisajiliwi, na isiposajiliwa haipati muuguzi wala dawa. Jina hupitishwa na bunge.

Mnajua bunge la safari hii likoje? Watu walichoka na vyama vyote, wakavipa vyote sawa. Kinu theluthi, Kengele theluthi, Ngazi theluthi. Hoja inayotakiwa na kundi moja tu huanguka. Na wale watatu wote wamerudi. Righa ndiye mwakilishi wa wadi, sasa kwa tiketi ya Ngazi. Mwadime alishinda wadi ya jirani, chama kikamkumbuka. Wakesho aliteuliwa na Kengele haohao waliomfukuza, maana walioshindwa hukumbukana. Kila mmoja anaongoza kundi lake, na kila mmoja anataka zahanati iitwe kwa jina lake. Hoja ya Mwadime imeanguka. Ya Wakesho imeanguka. Ya Righa imeanguka. Kufuli bado liko mlangoni, limeanza kushika kutu.

Mngeweza kucheka, nami zamani nilicheka. Lakini Mama Mghoi ana binti wa pili, anaitwa Saru, na mwezi wake wa kujifungua umefika.

Ndipo kamati ikapanda Mlondo kusikiliza maoni ya wananchi. Likasimamishwa hema, vikapangwa viti vya plastiki, zikagawiwa soda za moto. Mwenyekiti wa kamati alikuwa mtu wa makamo mwenye usingizi machoni. Akasema, "Wananchi, wale waheshimiwa watatu wamekubaliana jambo moja, la kwanza tangu nianze kazi hii. Mwenye shamba ataje jina la mmoja wao. Atakayetajwa, makundi yote matatu yatampigia kura kesho."

Watu wakapiga makofi machache. Mwadime akasimama. "Mimi sina maneno mengi," akasema, na watu wakaguna. "Nauliza tu. Bila msingi, ukuta ungesimama juu ya nini?"

"Msingi wako ulikuwa umezaa maboga, mheshimiwa," akasema Wakesho.

"Na ukuta wako ulikuwa unaota kuvu, dada yangu," akasema Righa.

"Na bati lako umelinunua kwa kura zetu!" akapiga kelele mtu wa nyuma.

"Ndiyo," akajibu Righa. "Wewe ulinunuliwa kwa nini, fulana?" Hema zima likacheka, na yule mtu akafunga vifungo vya koti lake juu ya ile fulana ya kampeni.

Sasa niwaambie jambo ambalo hema halikulisikia. Asubuhi ile kila mmoja alikuwa amepita jikoni kwa Mama Mghoi. Mwadime alimwambia, "Mama, muuguzi anahitaji kupiganiwa. Jina langu likiwa pale, nitampigania kama ndugu yangu."

"Na lisipokuwa pale?"

Mwadime, mwenye mdomo ule wote, aliaga akatoka.

Wakesho naye alisema hivyohivyo kuhusu dawa, kwa maneno machache zaidi. Righa akasema hivyohivyo kuhusu barabara. Hawakumtishia. Walikuwa wamechoka tu, kila mmoja akitaka kitu kimoja kibaki na jina lake kabla hajafa, na nadhani hata mimi ningetaka.

Mama Mghoi akapewa kipaza sauti. Kabla hajasema, sauti ikatoka katikati ya watu: "Iitwe Mkawasi!" Hapo makofi yakawa ya kweli, hata mwenyekiti akafumbua macho. Na wewe unayenisikiliza najua jibu hilo lilikwisha kukufika mdomoni.

Mama Mghoi alitikisa kichwa. "Nimelifikiria," akasema. "Lakini nimeliona soko la mjini. Nimeona likipakwa rangi na hawa, likapakwa na wale. Uchaguzi ukipita watakuja na brashi hapa pia. Mtu mzima anaweza kuvumilia kufutwa, akagombea tena. Mwanangu nimemzika mara moja. Sitamtundika mahali pa kufutwa."

Makofi yakafa. Bibi mmoja wa mbele akasema polepole, "Basi liwe la wote watatu. Figa moja haliinjiki chungu." Mwenyekiti akawatazama wale watatu, na wale watatu wakatazamana. Nani angekuwa wa kwanza kuandikwa? Nani angekuwa wa mwisho? Walikwisha kuligombania hilo mwaka mzima. Mwadime akasema hapana. Wakesho akanyamaza. Righa akasogeza kiti chake kuelekea njiani.

"Mama," akasema mwenyekiti, "jina moja tu."

Hapo ndipo fumbo linaponiachia mimi na kuwashika ninyi. Pimeni vizuri. Mwadime alisema kweli mbele ya wenzake, akapoteza kiti. Bila yeye pale pangekuwa na kabeji. Wakesho alificha kweli, akapoteza chama. Bila yeye msingi ungezikwa na jiwe lake. Righa aliuza kura za watu waliomwamini, akapoteza heshima, wala gari hakulichukua. Bila yeye kuta zingeanguka kwa mvua. Yupo atakayesema mkweli ndiye astahiliye. Namwuliza, ukweli ule uliwahi kuinua tofali? Yupo atakayesema aliyemaliza ndiye aliyejenga. Namwuliza, na wale waliopigia kura Kinu wakaamka Ngazi, nani atawaomba radhi? Mimi nimezunguka na fumbo hili, na kila aliyenijibu haraka nilikuja kugundua ana kadi ya chama mfukoni.

Basi Mama Mghoi amesimama na kipaza sauti mkononi. Wale watatu wanautazama mdomo wake, na kwa mara ya kwanza wanafanana. Saru alikuwa amekaa kwenye ngazi za zahanati, karibu na yale mawe, kwa sababu ndipo palipokuwa na kivuli. Sasa ameinuka, ameshika nguzo ya baraza kwa mikono miwili.

"Mama," anasema, "taja yeyote. Taja upesi."

Mama Mghoi anamtazama binti yake, anautazama mlango wenye kufuli. Nyuma ya hema wanaume wanne wameshaondoka bila kuambiwa na mtu, wanakwenda nyumbani kwake kuchukua kile kiti cha mbao.

Je, wewe ungemtaja nani?