Mfanyakazi wa Kutwa

Sogeeni karibu. Hadithi hii ina wafanyakazi watatu na fomu moja.

Kisiwani Pemba palikuwa na karakana ya kamba za makumbi, mali ya Bwana Hamdu na mkewe, Bi. Raya. Wafanyakazi walikuwa watatu, na kila mmoja Mungu alimpa kipawa chake.

Bi. Time alipewa subira. Yeye ndiye aliyefukia makumbi ya nazi kwenye tope la pwani, akayawekea mawe, akangoja miezi mpaka yalainike. Kila siku maji yakitoka alishuka kuyatazama, saa mbili au tatu, akarudisha mawe yaliyosukumwa na mawimbi. Hakuacha hata siku moja, Idi ikiwemo.

Faki alipewa nguvu. Makumbi yakifukuliwa, aliyaponda kwa rungu juu ya gogo mpaka zikabaki nyuzi. Alianza baada ya sala ya alfajiri, akamaliza jua likizama. Lakini msimu wa karafuu ukifika alikwenda kuchuma, na hakuonekana mpaka uishe.

Mwanakhamis alipewa vidole. Nyuzi zilipelekwa kwake nyumbani, akazisokota tangu asubuhi hadi jioni, mwaka mzima. Mikono yake ikiacha kamba, inashika sufuria au mtoto. Ikiacha sufuria, inarudi kwenye kamba.

Ukimwondoa mmoja wao, hakuna kamba.

Basi Bwana Hamdu akaugua. Siku yake ya mwisho alimshika mkewe mkono, akasema polepole, "Raya, mfanyakazi wangu wa kutwa, mkatie bima ya afya. Nilimwahidi." Akatamka shahada, akanyamaza. Jina hakulitaja.

Bi. Raya akakaa eda. Karani wa bima akamletea fomu moja, maana mwaka ule karakana iliweza kumlipia mtu mmoja tu. Juu imeandikwa: Mfanyakazi wa kutwa. Chini yake pana mstari mtupu. Kila alipoinua mikono kumwombea mumewe, mstari ule ulimjia machoni. Aliogopa kumwacha marehemu na ahadi shingoni.

Akawaita wote. Wanawake wakaingia ndani. Faki akakaa barazani, akasema nao kupitia pazia.

"Aliniahidi mimi," Faki akaanza. "Kutwa ni jua kuchomoza hadi jua kuzama. Bi. Time anafanyiwa kazi na bahari. Akishafukia, anakwenda zake kulala."

"Na wewe miezi ya karafuu, kutwa yako unamfanyia nani?" Bi. Time akamjibu. "Siku hizo gogo lako wanalalia kuku. Miye mguu huu umeliwa na chumvi, na sijakosa siku. Aliniahidi miye."

"Jamani, na mimi aliniahidi," akasema Mwanakhamis. "Nilipojifungua, siku ya nne nilikuwa nasokota."

"Huku unapika!" Faki akacheka huko nje.

"Napika, ndiyo. Kwani wewe rungu lako unalila?"

Bi. Raya akatabasamu, mara ya kwanza tangu mazishi. Ndivyo alivyokuwa Hamdu. Hakuweza kumnyima mtu neno jema. Kisha tabasamu likaondoka.

"Lakini alisema mfanyakazi," akawaambia. "Hakusema wafanyakazi. Nilikuwa nimeweka sikio mdomoni pake."

Bi. Time akaufunika mguu wake kwa kanga.

"Raya mwanangu," akasema, "hebu tuambie kwanza. Bima hii ni sadaka, au ni haki ya anayefanya kazi? Kama ni sadaka, mpe umpendaye, hatutakulaumu. Kama ni haki, mbona umetuita tuje kunyang'anyana?"

Wakamuaga Bi. Raya, wakaenda, kila mtu kwenye kazi yake: mmoja pwani, mmoja kwenye gogo, mmoja nyumbani kwake. Adhana ya alasiri ikaadhiniwa. Bi. Raya alisali, akatandua msala, akaishika kalamu. Karani angerudi kesho asubuhi.

Je, wewe unayenisikiliza, ingekuwa kalamu iko mkononi mwako, ungeandika jina la nani? Au ungemrudishia karani fomu tupu, umwambie alete nyingine mbili, kisha wewe mwenye karakana ukajue pa kupata pesa za kulipia?