Mlio wa Beringi

Maradhi ni mgeni asiye na adabu: ukimfungia chumbani hatulii, hutafuna ukuta. Wahenga walilijua hilo wakatuachia methali yake, lakini Fundi Pamba aliiona kuwa ni maneno ya wagonjwa. Yeye, kwa kauli yake, alikuwa mzima kama kigongo.

Walimwita Pamba kwa wepesi wa vidole vyake. Pikipiki kuukuu, zile ambazo vipuri vyake havitengenezwi tena, zilifikishwa kwenye karakana yake nyuma ya nyumba baada ya mafundi wengine kunawa mikono. Asubuhi moja alikuja mwalimu mstaafu, mjane wa miezi miwili, amekumbatia kitu kilichofungwa kwa taulo kama mtoto mchanga. Ilikuwa magneto, kifaa kinachoipa injini cheche, kutoka kwenye pikipiki ya marehemu mumewe.

"Mume wangu alizilalamikia beringi za kitu hiki mpaka siku aliyoanguka bafuni," alisema. "Kila siku, 'Inasaga, mke wangu, inasaga.' Zitoe, fundi. Sitaki binti yangu arithi pikipiki yenye manung'uniko."

"Niachie, Mwalimu. Ila usinihimize. Hiki ni kizee, na kizee hakivutwi mkono."

Hakutia chumvi. Ndani ya magneto mlikuwa na mhimili uliozungushiwa nyaya nyembamba kama nywele, na mwishoni mwake pete ya plastiki ya kale, kavu kama biskuti. Beringi ya upande huo, duara la gololi linaloubeba mhimili, ilijibana nyuma ya pete hiyo, na nafasi iliyobaki haikuzidi unene wa ukucha. Ukigonga nyundo, pete inapasuka, na pete nyingine haipatikani hata kwa dawa. Fundi Pamba alichonga vipande viwili vya chuma, vyembamba, vyenye umbo la mwezi mchanga, akavipenyeza nyuma ya beringi, kisha akawa anakaza skrubu ya kuivuta nje robo mzunguko na kungoja.

Alipokuwa akikaza mara ya tano, mkono wake wa kulia ulikufa ganzi. Bisibisi ikaanguka, na mhimili ukabiringika hadi ukingoni mwa meza. Aliuzuia kwa kifua.

"Nini hicho?" mkewe aliuliza kutoka mlangoni, kikombe cha chai mkononi.

"Mafuta tu, yanateleza."

"Juzi nako kijiko kiliteleza, baba watoto. Kilikuwa na mafuta?"

"Weka chai, mama. Unanipotezea hesabu."

Hakumwambia kwamba ganzi ile ilikuwa ya tatu mwezi huo. Mkono uliporudi, alimaliza kazi, beringi ikatoka, na pete ikabaki nzima. Aliizungusha beringi kwa kidole karibu na sikio. Krrr. Krrr. Gololi zake zilikuwa zimeliwa na kutu. Akaitupa kwenye kopo.

Mlio haukukoma.

Alilitazama kopo. Beringi ilikuwa imetulia tuli. Akalitoa kopo nje, akafunga mlango, akaketi. Krrr. Krrr. Akalichukua tena akalitumbukiza kwenye shimo la taka, mwisho wa uwanja. Alipokuwa akirudi mbio, mlio nao ulikimbia. Aliposimama kushika pumzi, ukapunguza mwendo, kama kitu kinachomfuata nyuma huku kikihesabu hatua zake. Aligeuka. Uwanja ulikuwa mtupu, jua limewaka, nguo zimetulia kambani.

Kwa siku tatu alikula na mlio ule, akalala nao. Akilalia ubavu wa kulia, ulinong'ona. Akilalia wa kushoto, ulisaga kana kwamba umo ndani ya mto. Aliamini marehemu amekifuata kipuri chake. Mkewe alipomuuliza mbona macho yamemwiva, alijibu ni vumbi.

Siku ya nne mjane alikuja kuulizia kazi. Fundi Pamba alimkaribisha kiti, akashusha sauti.

"Mwalimu, marehemu alikuwa akiusikia mlio ule wakati gani? Akiendesha?"

Mjane alifikiri. "Hata pikipiki ikiwa imezimwa. Mezani, kitandani. Mimi sikuwahi kuusikia. Nilimwambia, 'Mume wangu, beringi gani hiyo inayosaga kwenye mto?' Akacheka."

Fundi aliviangalia vidole vyake. "Na mikono yake?"

"Alikuwa akiangusha vikombe," mjane alisema polepole. "Alisema vinateleza."

Mlango wa nyuma ulisukumwa. Mkewe alikuwa amesimama pale, hajashika chai wala chochote, amesikia yote.

"Baba watoto," alisema, "unasikia mlio?"

Uongo ulimfika ulimini, ukakwama. "Nausikia," alisema. "Hata sasa hivi." Kisha machozi yakamtoka, mtu mzima, mbele ya mteja.

Hawakungoja hata abadili ovaroli. Hospitalini daktari, mwanamke mwenye maneno machache, aliweka kifaa chake cha kusikilizia kwenye shingo ya fundi, upande wa kushoto. Kisha akavivua vile vya masikioni, akamvika mkewe.

Mkewe alisikiliza, akashika ukingo wa meza. "Krrr," alisema kwa sauti ndogo. "Krrr. Mungu wangu."

"Mshipa huu unaopeleka damu kichwani umekaribia kuziba," daktari alisema. "Damu inapita kwenye tundu la sindano, ndiyo inayosaga. Zile ganzi zilikuwa onyo. Ungenyamaza wiki moja zaidi, tungezungumza na mkeo peke yake."

Alipasuliwa siku iliyofuata. Alipozinduka, jambo la kwanza lililomtisha lilikuwa ukimya.

Mjane alikuja kumwona wodini. Alipoelezwa, alikaa ukingoni mwa kitanda, mikono mapajani.

"Beringi zilikuwa zimechakaa kweli, Mwalimu," fundi alimwambia. "Ndiyo maana hakuna aliyeshuku kwamba anaumwa."

"Laiti angesema siku moja tu kwamba ni yeye," mjane alijibu, "wala si pikipiki." Akajifunika uso kwa mtandio. Mkewe fundi akamshika bega, na wote watatu walikuwa wamekwisha kuelewa: mficha maradhi, kifo humuumbua.