Mji Ulionyolewa

Paukwa!

— Pakawa!

Palikuwa na nini?

— Palikuwa na vumbi.

Vumbi la nani?

— La farasi wa wakubwa.

Na sisi?

— Sisi ni kukohoa!

Basi kohoeni, mkimaliza mnyamaze, niwasimulie.

Hapo zamani, zama za farasi na bastola, palikuwa na mji mdogo kule ambako Marekani inapakana na Meksiko. Mji huo uliitwa Paso Chueco. Kati ya nchi hizo mbili ulipita mto, na mto ndio uliokuwa mpaka. Huku Marekani, kule Meksiko, katikati matope. Mbuzi wa huku walikwenda kula kule, bata wa kule walikuja kutaga huku, na hakuna aliyewauliza mnatoka wapi.

Mpaka alipokuja Jaji Pruitt.

Jaji Pruitt alikuwa kinyozi. Msicheke! Mji haukuwa na jaji, na yeye alikuwa na kiti kizuri, basi akawa jaji. Mahakama yake ilikuwa pale pale dukani. Mshitakiwa anakalishwa kitini, anapakwa povu la sabuni mpaka puani, wembe unawekwa kooni. Kisha anaulizwa:

"Kichwa nyuma! Kidevu juu! Una la kusema?"

Nawe ndugu yangu uliyekaa hapo mbele, hebu niambie. Wembe uko kooni, sabuni iko mdomoni. Utasema nini?

"Mm!"

"Amekiri!" Kesi imekwisha. Mwingine!

Jaji mwenyewe alifuga ndevu, ndevu hasa, mpaka kitovuni. Si mnajua, kinyozi hajinyoi.

Sasa, katika mji huo aliishi mjane mmoja, Bi Refugia, muuza maji. Alikuwa na punda mmoja, jina lake Kanela, na pipa moja lenye magurudumu. Kanela alivuta, Bi Refugia akasukuma, mji ukanywa. Bila Kanela hakuna pipa. Bila pipa hakuna unga. Bila unga, wanawe wawili wanalala wakitazamana.

Siku moja ikavuma habari: msafara wa wahamiaji unapita kuelekea magharibi, nao wanatafuta wanyama na vitu vya kununua. Jaji akasikia. Kumbe haki nayo ina msimu wake! Wiki ile kila mtu akawa na kosa. Mwoka mikate akashitakiwa kwa jogoo wake kuwika wakati wa sala. Mhunzi akashitakiwa kwa nyundo yenye kelele. Fundi viatu akashitakiwa kwa kutembea pekupeku. Kichwa nyuma, kidevu juu, mm, amekiri! Jogoo akachukuliwa. Nyundo ikachukuliwa. Viatu vikachukuliwa.

Wahenga walisema, ukiona mwenzio ananyolewa, zako tia maji. Watu wa Paso Chueco walikuwa watiifu mno. Walitia maji, wakapanga foleni. Ilipofika Ijumaa, ukimtoa jaji, hapakuwa na mwanamume mwenye unywele kidevuni.

Ijumaa hiyo hiyo askari wa jaji, kijana aitwaye Lute, akamkamata Kanela mtoni.

"Bi Refugia, punda wako amesimama huku, akanyoosha shingo kule, akanywa maji ya Meksiko. Amerudi nayo tumboni. Hayo ni magendo."

"Lute, mwanangu, maji nayo yana kwao?"

"Mimi sijui. Jaji ndiye anayejua. Kesi kesho asubuhi, kabla msafara haujaondoka."

Bi Refugia akaelewa. Kanela ameshauzwa, bado kuhukumiwa tu.

Akaenda kwa mwoka mikate. "Jirani, kesho utanisemea?"

"Bi Refugia, wewe ni dada yangu kabisa. Lakini unaona, nina tanuri."

Akaenda kwa mhunzi. "Jirani, utanisemea?"

"Nina watoto, Bi Refugia."

"Na mimi je?"

"Wako ni wawili tu."

Akaenda kwa fundi viatu. Huyo alijipapasa kidevu, akafunga mlango polepole, kwa adabu zote.

Kulipokucha, mji mzima ulikuwa dukani. Kuogopa wanaogopa, lakini kutazama hawakosi! Kiongozi wa msafara alisimama mlangoni, kamba ya Kanela mkononi.

"Fanyeni haraka," akasema. "Magari yangu ya farasi yanangoja, na sinunui punda mwenye kesi."

"Bi Refugia, kaa," akasema jaji. Akainua brashi ya sabuni. Akaishusha. Akainua tena. "Lute! Mbona huyu hana ndevu?"

"Ni mwanamke, Mheshimiwa."

"Naona!"

Bi Refugia akauliza, taratibu, "Mheshimiwa, sheria inasemaje?"

"Inasema... kesi bila kunyoa si kesi."

"Basi hakuna kesi. Nipeni punda wangu."

"Keti! Atanyolewa mtu mwingine kwa niaba yako."

"Sawa, Mheshimiwa. Nani?"

Jaji akageuka awatazame watu wake. Kidevu kama yai. Kidevu kama sahani. Kidevu kama kisigino cha mtoto mchanga. Amewanyoa wote!

"Mheshimiwa," akasema Bi Refugia, "katika mji huu ndevu zimebaki mahali pamoja tu."

Jaji akazikumbatia kwa mikono miwili. "Hizi ni ndevu za serikali!"

"Ndiyo maana nitaona fahari zikinyolewa kwa niaba yangu. Lakini kama hutaki, si neno. Tungoje mtu aote nyingine. Wiki mbili, tatu hivi."

"Mimi naondoka sasa hivi," akasema kiongozi wa msafara.

Jaji akamtazama punda. Akazitazama ndevu. Akamtazama punda. Tamaa mbele, mauti nyuma! Akaketi. "Ncha tu," akanong'ona. "Kata ncha."

Lute akapewa wembe, akaugeuzageuza asijue aanzie wapi.

"Lete hapa," akasema Bi Refugia. "Kesi ni yangu, nitanyoa mwenyewe."

Akampaka jaji povu. Akapaka mashavu, akapaka pua, na mdomo hakuusahau. Akaweka wembe kooni.

"Kichwa nyuma! Kidevu juu! Punda huyu ni wangu, na kosa hana. Una la kusema?"

"Mm! Mm-mm! Mmmm!"

Labda alikataa, jamani. Nani ajuaye? Lakini Lute, kwa mazoea tu, akapaza sauti:

"Amekiri!"

Wembe ukapita. Ndevu za serikali zikaanguka sakafuni, fungu zima. Na chini yake mlikuwa na nini? Kidevu kidogo, kidogo kama punje ya njugu. Watu wakakitazama. Hicho ndicho walichokiogopa! Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu: jaji akajifunika taulo usoni, akatokea mlango wa nyuma.

Kiongozi wa msafara akamkabidhi Bi Refugia kamba, akaenda zake.

Mnadhani watu walidai jogoo wao? Nyundo yao? Viatu vyao? Thubutu! Mwoka mikate akavua kofia, akasogea.

"Mheshimiwa Bi Refugia, wembe sasa unao wewe. Tuhukumu."

Nyuma yake mhunzi. Nyuma yake fundi viatu. Nyuma yao foleni mpaka barabarani, vichwa nyuma, videvu juu.

Bi Refugia akayatazama makoo yale. Wembe ulikuwa mwepesi mkononi, na utamu wake akauonja, siwafichi. Kisha akaukunja, akautumbukiza kwenye ndoo ya maji machafu.

"Mimi nauza maji, jirani."

"Basi tuuzie. Makoo yamekauka."

"Leo siuzi. Jana nilibisha hodi kwenu, mkanionyesha milango. Mto uko pale. Chukueni kofia zenu mkachote."

Akamshika Kanela, akaenda kuwapikia wanawe. Na wanaume wa Paso Chueco wakateremka mtoni mmoja mmoja, kofia mkononi, kila mmoja akimngoja mwenzake atangulie kuinama.

Hadithi yangu imekoma hapa. Penye utamu, gawaneni. Penye uchungu, kila mtu anaujua wake.