Kompyuta ya Chui na Bi Digidigi

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na simu na bando la kutosha, Chui alinunua kompyuta. Sogeeni karibu! Na wewe, acha kuchokonoa pua!

Chui aliifundisha kompyuta hiyo kujisomea mtandaoni. Ilisoma yote waliyoandika wanyama, bila kupumzika. Jambo likisemwa na mmoja, iliachana nalo. Likisemwa na wengi, ililiweka kuwa kweli.

"Haidanganyiki hii!" Chui alitamba barazani. "Wengi watakoseaje?"

Binti yake alipochumbiwa, akaiuliza, "Harusini tupike nini?"

"Digidigi," ikajibu. "Wengi wamesema nyama yake ni laini."

"Lo! Na mimi sijawahi kumwonja!"

Nyuma ya ua, jirani yake Bi Digidigi alikuwa akimnyonyesha mwanawe. Akasikia yote. Mungu wangu! Akimbilie wapi na kitoto ambacho hata miguu haijakaza? Akaingia ndani, akakaa, akasimama, akakaa tena. Hofu ilimjaa tele. Kisha akainyakua simu.

Akaandika kwa jina la Kobe: "Chui akila digidigi, madoa yake hufutika." Akaandika kwa jina la Kanga: "Ni kweli jamani, yalimpata chui wa mtaani kwetu!" Akawa Ngiri, akawa Bundi, akawa Nungunungu anayelia kwa uchungu. Kwato zilimuuma, hakuacha.

Ngo! ngo! ngo! Mpishi Fisi huyo mlangoni, na gunia mkononi. Hata hodi hakupiga sawasawa. Akawatia mama na mwana guniani, mbio hadi kwa Chui, sufuria ikitokota.

"Mzee Chui," Bi Digidigi akalia kutoka guniani, "kabla hujanila, iulize mashine yako nitakufanya nini!"

Chui akacheka, akauliza. Kompyuta ikavuma vuuu.

"Chui akila digidigi, madoa yake hufutika. Wengi wamesema."

"Eti nini?" Chui akajishika mgongo. "Nitokee mbele ya wakwe kama mbuzi?"

"Uzushi mtupu, mzee!" Fisi akafoka, mate yakimdondoka. "Mimi nimewala digidigi tangu utotoni, na madoa yangu si haya hapa?"

Chui akamtazama. Akamsogelea, akamkagua kuanzia shingoni mpaka mkiani.

"Masikini Fisi," akasema kwa huruma. "Kumbe ndiyo maana madoa yako yamefifia!"

Gunia likafunguliwa papo hapo. Bi Digidigi akatoka mbio, mwana mgongoni, hata kuaga hakuaga. Wageni wa harusi wakala ugali na mchicha, na Fisi hajaacha kununa.

Basi wanangu, neno la uongo haligeuki kuwa kweli kwa kusemwa na wengi. Ulizeni kwanza nani ameliona.