Usingizi Alivyoacha Kupiga Hodi

Zamani Usingizi alikuwa na adabu zake, si huyu mnayemjua nyinyi mnaonipigia miayo. Jua likitua alipita nyumba hadi nyumba, akapiga hodi, akangoja aambiwe karibu. Asipoingia, hakuna aliyefumba jicho.

Alikuwapo Bi Somoe, msuka mikeka, mbishi huyo! Mwanawe wa pekee, Mize, alikuwa aolewe Ijumaa, aende nchi ya mbali, na mama aliapa binti hatoki bila mkeka wa mkono wake. "Mkeka kwanza," alisema, "kisha nimpe mwanangu radhi zangu." Lakini ukili wa kuushonea mkeka ulikuwa bado haujasukwa wote, na majirani hawakumpa nafasi: huyu ataka chumvi, yule aulizia ubani. Walimchosha!

Usingizi akabisha. "Hodi!"

"Karibu, baba. Ngoja kidogo, namaliza huu."

Mtu akishakaribishwa haondoki, ni utovu wa adabu. Akakaa barazani. Baadaye akaita tena.

"Aka! Si nimeshakwambia karibu? Wewe nawe! Ngoja!"

Jamani, mkeka wa kulalia! Anasuka mkeka wa kulalia, na Usingizi mwenyewe kamweka mlangoni! Kulipokucha mji mzima haujalala, na matusi yote yakamwangukia mgeni wa watu. Jioni ya pili yakawa yale yale. Ya tatu, Usingizi akainuka, akakung'uta kanzu yake.

"Basi, Bi Somoe. Hodi zangu zimekwisha. Sasa nitapita nitakapo."

Ijumaa asubuhi mkeka ukaisha. Bi Somoe akautandika, akaketi juu yake. Mize akapiga magoti mbele yake, machozi yanamlenga. "Mama, nipe radhi zako."

Mama akafungua kinywa, na papo hapo Usingizi akapita. Walimwita Bi Somoe, wakamtikisa, wakampepea. Wapi! Upande wa bwana harusi wakasema safari ni ndefu. Mize akaondoka analia, bila radhi, na bila mkeka pia, maana mama alikuwa kaulalia.

Usiku ule Bi Somoe alijinyoosha juu ya mkeka ule ule, akaita, "Karibu, baba! Karibu!" Hakuja mtu.

Na tangu siku hiyo Usingizi hapigi hodi. Ukimwita kitandani hakusikii, na ukiwa na lako la maana ndipo anapokuja. Ndiyo maana anayesinzia twasema amepitiwa.

Nawe unayekoroma hapo nyuma, sikuamshi. Kamwulize Bi Somoe ulichokikosa.