Mwanasesere Aliyelazwa Kabla ya Siku Yake

Jamani, hii nimeletewa na shoga yangu wa Upanga, nami sina choyo, nawagawia. Someni yote. Atakayeruka kukimbilia funzo, shauri yake.

Palikuwa na mwalimu mmoja wa hesabu, Murali, Mtamil wa asili ya India Kusini aliyezaliwa papa hapa mjini. Mtu mwema, ila kalamu nyekundu haikumtoka mfukoni hata Jumapili. Aliishi na mkewe, binti yao Tulasi wa miaka sita, na mama yake mzazi, ambaye mtoto alimwita Paati, yaani bibi.

Paati alikuwa na masanduku manne ya wanasesere wa udongo. Kila mwaka, sikukuu ya Kihindu ya Navaratri, ile ya siku kumi, ikifika, aliwapanga sebuleni juu ya ngazi saba zilizotandikwa kitambaa cheupe: miungu, wafalme, majitu, hata nyani mashujaa. Kisha alikaa mkekani na Tulasi, akamsimulia habari zao huku wakitafuna dengu za kuchemsha. Raha iliyoje!

Mwaka huo Murali akachoka.

"Mama, haya masanduku yamejaza chumba cha mtoto, mlango haufunguki vizuri. Na huyu mtoto anajifunza nini hasa? Siku ya nane nitampa mtihani. Akiwajua wanasesere hawa, wabaki. Asipowajua, sikukuu ikiisha nawapeleka hekaluni, moja kwa moja."

Wanasesere wale ndicho kitu pekee alichobaki nacho cha marehemu mama yake. Lakini mwanawe akishasema, amesema.

"Haya, mwanangu," akajibu.

Siku ya nane, jioni jioni, Murali akaja na karatasi. Akamkuta Tulasi amekaa chini karibu na ngazi, rula mkononi, hachezi wala hasemi.

"Huyu mwenye filimbi ni nani?"

"Mwizi wa siagi!"

"Jina lake?"

Tulasi akakuna kichwa kwa rula.

"Na huyu?"

"Huyo ana vichwa kumi, Baba. Akiumwa na meno, maskini, sijui anaanzia wapi."

"Jina, Tulasi! Nimeuliza jina!"

Mtoto akatazama dari.

Maswali kumi, sifuri. Na Murali akaiandika ile sifuri kwa wino mwekundu, akaipigia mstari chini. Mtu na mwanawe, jamani!

Paati hakubisha. Alichukua kiberiti awashe taa ya ibada mbele ya ngazi, machozi yanamlengalenga. Alipoinama akashtuka.

"Mungu wangu! Nani amemlaza huyu?"

Kwa desturi yao, mwanasesere mmoja hulazwa jioni ya siku ya kumi, na hapo sikukuu imefungwa. Kumlaza mapema ni kama kumfungia mgeni mlango. Sasa pale ngazi ya tatu, mwanasesere mmoja, mpiga upinde, alikuwa amelala chali, kichwa juu ya kipande cha sponji, kafunikwa leso.

Murali akawaka. "Tulasi! Ni wewe?"

"Ni mimi, Baba."

"Hujui kama umetufungia sikukuu?"

Mtoto akaikumbatia rula yake. "Hajalala miaka kumi na minne! Kaka yake na shemeji yake walifukuzwa wakaishi msituni, yeye akawalinda kila usiku, hafumbi jicho. Miaka kumi na minne, Baba! Nikamwambia, lala kidogo, mimi nitashika zamu. Ndiyo maana nina rula."

"Na jina lake nani?"

"Jina sijui. Najua amechoka."

Murali akamtazama mama yake, akaitazama karatasi yake, akaona haya, haya kweli kweli. Akaichana vipande vipande.

Kisha akapiga magoti, akaivuta ile leso taratibu.

"Miguu ilikuwa nje," akasema.

Tulasi akaangalia, akakubali kwa kichwa.

"Mama," Murali akasema bila kugeuka, "masanduku yahamie chumbani kwetu. Nisamehe."

Paati akalia na kucheka kwa pamoja. "Mwacheni apumzike. Kesho asubuhi tutamwamsha, sikukuu iendelee."

Lakini Murali hakuinuka. Alibaki pale pale sakafuni, anamtazama yule mpiga upinde.

"Mama, kwani huyu bwana hakuwa na mke? Miaka yote hiyo mkewe alikuwa wapi?"

Paati akasogea mkekani kumpisha.

"Kaa vizuri, mwanangu. Hiyo ni ndefu."

Funzo: Mtoto anaweza kusahau majina yote na bado hadithi ikawa imemwingia moyoni. Kabla hujampa sifuri, muulize anamhurumia nani.